Banda Lisilo na Msumari

Mwaka ule wa tisini na tatu misumari ilikuwa imejaa madukani, hata Kibakwe kule milimani. Ilikaa kwenye makopo mlangoni mwa duka, inang'aa, ya kila urefu, na mtu alichota anayotaka. Si kama miaka ya nyuma, ambapo ukiokota msumari njiani unaunyoosha kwa jiwe, halafu unauficha kwenye pindo la shuka kama dawa. Sasa misumari ipo tele, na Dorkasi alikatazwa kutumia hata mmoja.

Sababu yake ilikuwa mbuzi. Kulikuwa na mradi wa mbuzi wa maziwa, wale wakubwa wenye masikio yaliyolala, na kila kijiji kiliandikisha majina ya wasio na mbuzi. Mwaka uliotangulia mbuzi mmoja wa mradi alikuwa amemeza msumari uliodondoka kwenye banda lake, akavimba tumbo, akafa. Tangu hapo likatoka sharti: banda liwe la mbao, liinuke kutoka chini, sakafu iwe ya fito, na lisiwe na msumari hata wa kutundikia kofia. Siku ya ukaguzi, asiye na banda la namna hiyo anarukwa, na mbuzi anakwenda kwa jina linalofuata.

Jina linalofuata lilikuwa la Priska, jirani yake, ambaye kila asubuhi alichungulia juu ya ua na kuuliza, "Mama Ruthu, banda limefika wapi?" Akiuliza hivyo sauti yake ilikuwa tamu mno.

Dorkasi hakumtaka mbuzi kwa fahari. Alimtaka kwa ajili ya mjukuu wake, Debora, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa na macho makubwa na miguu kama fito. Kila mwezi Dorkasi mwenyewe alimbeba mpaka kliniki. Kwenye kadi yake, ule mstari uliotakiwa kupanda ulikuwa umelala, na mwezi uliopita ulianza kushuka. Nesi alisema, "Bibi, mtoto apate maziwa." Dorkasi aliitikia ndiyo. Ng'ombe hana, mume alishazikwa, na maziwa hayaoti shambani. Basi ikawa ni mbuzi huyo au hakuna.

Fundi alikuwepo. Cornel, mume wa binti yake Ruthu na baba wa huyo Debora, alijifunza useremala miaka ile ya shida, wakati msumari ulipokuwa habari ya kusimuliwa. Kwa hiyo alijua kuunga mbao kwa mbao. Mwisho wa ubao mmoja aliuchonga ulimi, ubavuni mwa nguzo akachimba tundu kwa patasi, ulimi ukaingia tundu, halafu akatoboa vyote viwili na kupigilia kijiti cha mpingo. Tundu la ulimini hakulitoboa sawasawa na la nguzo. Alilirudisha nyuma kidogo, unene wa ganda la yai, ili kijiti kikiingia kivute ulimi ndani mpaka mbao zilie. Kijiti chenyewe kilikuwa kinene upande wa nje na chembamba upande wa ndani. Kikishakaa, tembo aje asukume, atachoka.

Tatizo ni kwamba Cornel alikuwa mkwe wake.

Na Dorkasi alishika ukwe kuliko mtu yeyote Kibakwe. Mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawaongei, hawaingii chini ya paa moja, na mkwe hatupi jicho jikoni kwa mama mkwe wake hata kama jiko linaungua. Vijana walianza kulegeza mambo hayo, Dorkasi akayakaza. Priska alipokutwa siku moja amesimama barabarani anaongea na mkwe wake habari za mvua, Dorkasi ndiye aliyesema mbele ya kina mama wote, "Shoga, hapo unatoa kuku." Na kuku akatolewa, akaliwa.

Kwa hiyo ujenzi ulikwenda hivi. Cornel akifika anapiga kengele ya baiskeli mara tatu, na Dorkasi anajifungia ndani. Banda lilitakiwa kusimama hatua kumi tu kutoka jikoni, maana anayekamua anatoka huko. Cornel alilipima akiwa ameligeuzia jiko mgongo. Alitembea kinyumenyume na kamba mkononi, akakanyaga beseni, akakanyaga bata, akaomba radhi kwa vyote viwili bila kugeuka. Maneno yote yalipitia kwa Ruthu.

"Ruthu," Dorkasi alisema kutoka chumbani, "mwambie fundi sakafu ya fito isiwe na nafasi kubwa, mbuzi atavunjika mguu."

Ruthu akamgeukia mumewe aliyesimama hatua tatu kutoka dirishani. "Mama anasema nafasi isiwe kubwa."

"Mwambie mama, kidole kimoja."

"Mama, kidole kimoja."

"Cha nani?" aliuliza Dorkasi. "Vidole vyake vile ni kama mihogo."

Ruthu akameza kicheko. "Anauliza kidole cha nani."

"Mwambie cha kwako."

Kuta tatu zilisimama, paa la nyasi likafungwa kwa kamba za mkonge, hori la majani likaungwa ndani. Upande uliobaki wazi ni ule unaotazama jikoni. Huo Cornel hakuweza kuujengea pale pale, macho yangekwenda wapi? Akachukua vipimo vyake vya kinyumenyume, akaujenga ukuta huo nyumbani kwake, kipande kimoja kizima, aje siku ya mwisho aupachike. Usiku na mchana alihesabu kazi yake. Ndimi arobaini na nane. Matundu arobaini na nane. Vijiti arobaini na nane, na viwili vya akiba. Hakuna kitu ambacho hakukihesabu, isipokuwa kile kisicho na ulimi wala tundu.

Siku ya ukaguzi ikafika. Dorkasi alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwenye kikao cha kina mama kanisani, ili mkwe apachike ukuta kwa nafasi. Akajifunga kanga, akavaa viatu vyake vya matairi, akafika getini, moyo ukamrudisha. Je, kama kuna msumari? Fundi ni fundi, mkono ukichoka anaweza kugongea kamoja tu mahali pa siri, na huyo mkaguzi akikaona, Debora ndiyo basi tena. Akarudi. Akaingia bandani kwa ule upande wa wazi, akiwa ameinama, kwa kuwa lile lilikuwa banda la mbuzi na yeye alikuwa mama mwenye mwili wake. Akapapasa kiungo kimoja baada ya kingine mpaka nyuma kabisa, penye hori. Hakuna msumari. Akapapasa tena. Kazi safi, laini kama kibuyu cha siku nyingi. Alikuwa akitabasamu gizani pale kengele ya baiskeli ilipolia mara tatu.

Akatoka? Njia ya kutokea ilikuwa ndiyo ile ile anayojia mkwe. Dorkasi akajikunja nyuma ya hori, akajifunika kanga mpaka kichwani, akasema moyoni, wataweka ukuta wao kisha watakwenda kunywa uji, nami nitatoka polepole.

Akasikia miguu ya watu wawili. Cornel na Ruthu walikuwa wameushusha ukuta kutoka kwenye baiskeli, wameubeba vichwani, wanapumua kama punda. Wakausimamisha. Mwanga ukakatika. Nyundo ya mti ikaanza, ko, ko, ko, na kila kijiti kikichomoza ncha ndani, mbao zikalia kwa kukazwa. Kimoja. Viwili. Dorkasi akahesabu mpaka vinane. Halafu akasikia Cornel akiupiga ukuta kofi la mapenzi, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

"Hata shetani hatoki humo," alisema Cornel.

Dorkasi akafunua kanga, akaanza kutazama mlango uko upande gani. Akatazama kulia, mbao. Kushoto, mbao. Nyuma, mbao. Mbele, huo ukuta mpya, mbao tupu kutoka kona hadi kona, mwanga unaingia kwa mistari myembamba tu. Akatazama tena polepole, maana alikuwa mtu wa subira, na alidhani labda mlango ni wa mtindo wa kisasa usioonekana haraka.

Mlango haukuwepo.

Angeweza kupaza sauti. Alifungua hata mdomo. Lakini akamwona mkwe wake kwa mistari ya ubao, mgongo na kisigino, akaufunga. Aite vipi? Aseme nini? Kwamba yeye, aliyemtoza Priska kuku kwa habari za mvua, amejikunja ndani ya kazi ya mkwe wake kama kuku anayetaga? Asubiri. Ruthu atabaki peke yake muda si mrefu.

Ndipo ikasikika pikipiki.

Mkaguzi alikuwa kijana wa kutoka Mpwapwa mjini, Bwana Thobias, mwenye fomu kwenye ubao mgumu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Na nyuma ya pikipiki, kama aliyeitwa na moshi wake, akafuata Priska.

"Shikamoo mama," Thobias alimsalimu Priska. "Wewe ndiye Mama Ruthu?"

"Marahaba, baba. Mimi ndiye jina linalofuata."

"Mama yuko kikaoni, anakuja," alisema Ruthu. "Karibu, utazame banda."

Thobias akalizunguka banda mara moja, akigonga mbao kwa kidole. "Fundi, wapi msumari?"

"Hakuna," alisema Cornel, kifua mbele.

"Aisee." Akalizunguka mara ya pili. Akasimama. Akalizunguka mara ya tatu, safari hii akiwa ameshika ukuta kama kipofu. "Fundi, kazi hii sijaiona wilaya nzima. Sasa nisaidie. Mbuzi anaingilia wapi?"

Bata mmoja akapita.

"Anaingilia..." Cornel alianza, akanyoosha mkono kulia, akaurudisha. Akanyoosha kushoto. Akaanza yeye mwenyewe kulizunguka banda, kwanza akitembea, kisha mbio.

"Ruthu," alisema aliporudi, "mlango uliniambia upande gani?"

"Upande wa jikoni. Si nilikwambia mama anasema mlango utazame jikoni?"

"Uliniambia upande wa jikoni nisiutazame!"

"Ningeacha kukwambia hivyo? Kwani unaruhusiwa kuutazama?"

Priska akakaa chini kwenye jiwe, akajifunga kanga yake vizuri kama mtu aliyefika harusini. "Baba mkaguzi," alisema kwa upole, "hilo ni sanduku. Mradi unataka banda."

Ndani, vumbi la mpingo lilikuwa limemwingia Dorkasi puani tangu kijiti cha tatu. Alilizuia kwa kanga, alilizuia kwa vidole, alilizuia kwa sala. Likamshinda. Akapiga chafya ambayo iliwarusha bata wote.

"Kuna mtu humo!" Priska aliruka kutoka kwenye jiwe.

Hapo ndipo Dorkasi, mama mzima, mzee wa kanisa, alipofanya jambo ambalo hakulipanga. Jambo lilitoka tu.

"Meee," alisema.

Nje wakatazamana.

"Ni mbuzi," alisema Thobias.

"Mbuzi gani?" alisema Ruthu. "Mama hana mbuzi."

"Meee," alisema Dorkasi, akiwa na hakika zaidi, kwa kuwa la kwanza lilifaulu.

"Na ni mkubwa," alisema Priska. "Sikia sauti ilivyo nzito. Huyo ni beberu mtu mzima."

Thobias akatikisa kichwa kwa masikitiko, akainua ubao wake wa fomu. "Poleni sana. Mbuzi hawa ni wa wasio na mbuzi. Kumbe mama tayari anafuga, na amemficha mpaka akamjengea bila mlango asionekane." Akaanza kuandika, akisema neno kwa neno kama anayesomea darasa: "Dorkasi. Ana. Mbuzi. Anayefuata..."

"Priska," alisema Priska. "Kwa herufi kubwa, baba."

Dorkasi alisikia kalamu ikikwaruza. Alikuwa na heshima ya miaka thelathini, kanga kichwani, na vumbi puani. Upande mwingine kulikuwa na kadi ya kliniki na ule mstari unaoshuka. Hakuchukua muda.

"Wewe kijana, futa!" alipiga kelele. "Futa hiyo! Humu hakuna mbuzi. Ni mimi!"

Kalamu ilimdondoka Thobias, ikaning'inia kwenye uzi wake. Cornel alipoijua sauti ile, alianguka kifudifudi hapo hapo, akafunika kichwa kwa mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki.

"Mama?" Ruthu aliweka jicho kwenye ufa. "Unafanya nini humo?"

"Nakagua misumari. Haipo. Nitoe."

"Kuku wangu!" Priska alikuwa akicheka mpaka machozi. "Mama Ruthu, chini ya paa moja na mkwe! Kuku wangu arudi, na huyo arudi na vifaranga!"

"Yeye yuko nje, mimi niko ndani," ilijibu sauti ya bandani. "Paa ni langu peke yangu. Hesabu vizuri."

Cornel, uso mchangani, akasema, "Ruthu, mwambie mama vijiti havitoki kwa nje. Ni vinene huku. Vinatoka kwa kupigwa ncha, na ncha ziko kwake."

"Mama, anasema vijiti vinatoka kwa kupigwa ncha."

"Lakini si amesikia mwenyewe?" Thobias aliuliza.

"Amesikia," alisema Ruthu, "lakini hajaambiwa."

Dorkasi akavua kiatu, akapiga ncha ya kwanza. Kiatu cha tairi kikarudi kikampiga pajani. Akapapasa chini ya hori, akapata kipande cha mninga kilichosazwa na fundi, akaanza nacho. Ko. Ko. Kijiti cha kwanza kikaruka nje, kikampata Priska begani.

"Nimeona!" alilia Priska. "Ananilenga!"

"Ruthu, mwambie mama aanze vya chini, amalizie vya juu, la sivyo ukuta utamlalia."

"Mama, vya chini kwanza."

"Mwambie nimeshaanza cha juu."

"Ameshaanza cha juu."

"Nimesikia," aliugua Cornel, "lakini niambie."

Vikatoka vinne, vikatoka sita, saba. Ukaja mjadala wa kijiti cha mwisho. Kikitoka, ukuta mzima utaangukia nje, na ni ukuta wa mninga, si wa mabua. Wa kuupokea ni Cornel tu. Na akiupokea akiwa ameuelekea, Dorkasi atakuwa hapo hapo mbele ya pua yake. Wakakubaliana aupokee kwa mgongo, na Ruthu akamfunika mumewe kanga kichwani, akaifunga kwa nyuma, ili asione hata vidole vyake mwenyewe.

"Tayari?" alisema Ruthu.

"Tayari," alisema Cornel, ndani ya kanga.

Ko.

Ukuta ukashuka kwenye mgongo wa Cornel. Akapiga magoti, akainuka nao, akaenda mbele hatua moja ili ampishe mama mkwe. Uzito ukamsukuma ya pili. Ya tatu ikaja yenyewe. Ruthu akapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" lakini kushoto kwa mtu aliyefunikwa ni popote. Cornel, aliyekaa mwezi mzima bila kulitupia jicho jiko la mama mkwe wake, akaingia humo moja kwa moja kama treni, na ukuta ukagonga miimo ya mlango nyuma yake, ukaziba.

Vyungu vilisikika.

"Ruthu," ilisema sauti kutoka jikoni. "Mwambie mama nimefika mahali, lakini sijui ni wapi."

Dorkasi alikuwa ametoka, anajinyoosha mgongo, amejaa vumbi kama aliyetoka kinuni. Alitazama jiko lake lililozibwa, akatazama banda lake lililo wazi, akaamua kulishughulikia lililo muhimu. Akamwendea Thobias.

"Soma ulichoandika."

"Mama, shikamoo. Nimeandika una mbuzi."

"Marahaba. Futa. Ingia utazame."

Thobias akainama, akaingia, akatazama nyuma ya hori, chini ya fito, akatoka. "Mbuzi hayupo. Lakini mama, mimi nikiulizwa ofisini kwa nini nimefuta, nitasema nini? Sauti niliisikia kwa masikio yangu. Hata huyu mama aliisikia."

"Beberu," alisema Priska. "Nitaapa."

"Nilikuwa mimi."

"Siwezi kuandika hivyo bila uthibitisho, mama yangu. Ile sauti ilikuwa ya mbuzi kabisa."

Dorkasi akamtazama Ruthu. Ruthu akatazama bata. Watu walikuwa wameanza kukusanyika uani kwa zile kelele, kina mama wa kikaoni pia, wenye vitabu vya nyimbo kwapani, wakiuliza Mama Ruthu mbona hakufika. Dorkasi akaweka kanga yake sawa begani. Akasimama wima, mikono imekunjwa, kama mtu anayetaka kutoa ushuhuda ibadani.

"Meee," alisema.

Kilichocheka kwanza kilikuwa ukuta. Ulianza kutetemeka pale mlangoni mwa jiko, mbao zikigongana na miimo, na nyuma yake kikasikika kicheko cha mwanamume kilichofungwa kwenye kanga, kinapiga kelele kama sufuria linalochemka na mfuniko juu. Ukafuata ua mzima. Priska alilazimika kushikwa.

Thobias hakucheka. Alikuwa akipangusa macho kwa mkono wa shati, huku anakata maneno yale kwa mstari ulionyooka. "Hana mbuzi," aliandika. "Na mlango, mama? Sharti linasema mlango."

Dorkasi akamgeukia binti yake.

"Ruthu, mwambie huyo aliye jikoni, mlango aukate leo kabla jua halijazama, kwenye huo huo ukuta. Na mwambie chungu cha kushoto ni mlenda na ugali uko chini ya kawa. Ale kwanza, mradi keshaingia."

Ruthu akaenda mpaka kwenye ukuta, akaugonga. "Umesikia?"

"Bado hujaniambia," alisema Cornel, na mdomo wake ulikuwa tayari umejaa.